Bobcat ya kiwanda cha alizeti iliyokuwa inachemka kila ikifika saa tisa mchana

Wiki mbili hizi nimekuwa kimya sababu ya mashine moja tu. Nilikuwa Kizota, hapa Dodoma, kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, wana bobcat yao ya kupakia mashudu, sasa ile bobcat asubuhi inapiga kazi vizuri kabisa, ikifika saa nane saa tisa mchana oili ya haidroliki, ile inayosukuma mikono na matairi, inachemka, taa nyekundu inawaka, alamu inalia piiii, opereta anazima anaenda kukaa kivulini na malori yanabaki foleni mpaka nje ya geti. Naandika yote hapa mana nimeshaieleza hii stori kwenye simu kwa mafundi watano, na kila mmoja nikifika mwisho nikimwambia tatizo lilikuwa nini anasema aah acha utani bana.

Alafu niweke sawa kitu kimoja, nikisema bobcat simaanishi kampuni. Huku kwetu kimashine chochote kidogo cha matairi manne kinachogeuka kwa kuburuza matairi tunakiita bobcat hata kama kimeandikwa jina lingine ubavuni, kama vile dawa yoyote ya meno ilivyokuwa inaitwa kolgeti. Vilianzia Minnesota, Marekani, mwaka 1957, ndugu wawili wahunzi, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga kimashine cha kuingia bandani kuzoa mbolea, mana trekta la kawaida lilikuwa halipiti katikati ya nguzo. Nimeitaja hii kwa sababu ndiyo inaeleza kwa nini hizi mashine zinachemka kirahisi kuliko eskaveta. Zimebanwa. Injini, pampu, tenki la oili, rejeta mbili, vyote vimesukumiwa nyuma kwenye kasanduku ambako unaweza kukakumbatia na mikono miwili ukakamaliza, hewa ya kupoza inapita kwa shida, na tenki lenyewe kwenye hii niliyoifanyia kazi ni lita 40 tu na ushee. Oili kidogo, kazi kubwa, nafasi hamna.

Basi mama mwenye kiwanda akanipigia jioni moja. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hebu kesho njoo unitazamie hii mashine, inataka kunitoa roho. Akaniambia kuna fundi alishakuja kabla yangu, amesema pampu imekufa, na kijana wake kashapanda treni ya umeme kwenda Dar, kaikuta pampu iliyotumika maeneo ya Gerezani kwa milioni nane na nusu, kashatoa advansi milioni mbili. Nikamuuliza huyo fundi alipima nini, akasema alishika kwa mkono akasema mama hii ni pampu. Mimi sipendi kumsema fundi mwenzangu, kila mtu ana siku yake, ila kushika kwa mkono kitu chenye digrii 90 kinachokuambia ni kwamba kina moto, na hilo mama alikuwa analijua tayari.

Kesho yake saa moja asubuhi niko pale. Opereta wa asubuhi ni mzee wa Kigogo, mtulivu, ananisalimia mbukwa huku anazunguka mashine kukagua kabla hajawasha. Nikamuuliza mzee hii mashine ikishapata moto inakosa nguvu? Akasema mwanangu, hata ikiwa inalia alamu inanyanyua baketi lililojaa mashudu bila kusita, na kwenye mlima wa pale kwenye mzani inapanda.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia mashaka ile hadithi ya pampu. Pampu iliyokwisha inavujisha kwa ndani, oili inarudi nyuma kwenye nafasi zilizolika badala ya kwenda mbele kufanya kazi, na kadiri oili inavyopata moto inakuwa nyepesi ndivyo inavyovuja zaidi, kwa hiyo mashine inalegea, mikono inapanda taratibu, upande mmoja unakuwa mzito kuliko mwingine. Ukichukua oili namba 46, kwenye digrii 40 uzito wake wa kutiririka ni hiyo 46, ikifika digrii 100 inabaki kama 7 tu, yaani imekuwa kama maji. Mashine yenye pampu mbovu kwenye hali hiyo haikudanganyi, utaiona. Hii ilikuwa inachemka na nguvu ipo. Nikajisemea basi joto linatengenezwa sehemu nyingine.

Lakini kabla ya mambo makubwa nikaanza na uchafu, mana Dodoma ukiacha kuanza na uchafu unajitafutia aibu. Mwezi wa kumi hapa mnaujua, mvua ya mwisho ilikuwa mwezi wa nne, upepo unavuma kutwa, vimbunga vya vumbi vinatembea barabarani kama watu wenye shughuli zao. Sasa ongeza kiwanda cha alizeti. Makapi ya alizeti ni mepesi, yanaelea, feni inayavuta, alafu pale ndani hewa ina mafuta mafuta kidogo kwa hiyo yakigusa tu kitu yanaganda.

Nikafungua mlango wa nyuma, rejeta ya oili kwa nje safi inang'aa. Dogo mmoja akanambia fundi hii tunaiosha kila Jumamosi na ile mashine ya presha. Nikawasha tochi ya simu nikaiweka upande wa ndani, nikazunguka nje kuangalia kama mwanga unapita. Hamna. Giza totoro kama usiku wa manane, isipokuwa pembeni juu kama upana wa kiganja.

Kwa wasiojua, hizi mashine nyingi zina rejeta mbili zimepangana, ya oili na ya maji ya injini, katikati kuna kanafasi kama ka vidole viwili. Uchafu unapita ya kwanza unakwama kwenye ya pili, na hapo katikati huoni mpaka ulegeze bolti uzitenganishe. Nikazitenganisha. Nilichotoa mle ndani ni chapati, sitanii, chapati ya makapi na vumbi na mafuta imeshikana unaweza kuinyanyua kipande kizima, na kule kuosha kwa presha kutokea nje ndiko kulikoikandia, maji yanausukuma uchafu katikati, vumbi linakuwa tope, jua linalikausha, Jumamosi nyingine wanaongeza tabaka. Alafu ile presha ilikuwa imelaza mapezi ya rejeta kama majani ya mpunga baada ya mvua, nilikaa na bisibisi bapa nayanyoosha moja moja karibu masaa matatu, shingo ikaniuma mpaka usiku.

Namna ya kufanya ni kupuliza kwanza kwa upepo wa kompresa, kutokea ndani kwenda nje, yaani kinyume na hewa ya feni inavyopita, presha usiweke kubwa na pua usiisogeze karibu sana. Ukavu kwanza. Kama kuna mafuta ndio unapaka sabuni ya kukata grisi, unaacha iloweke, unasuuza kwa maji ya mpira wa kawaida, ukimaliza unapuliza tena mpaka ikauke kabla mashine haijarudi kwenye vumbi.

Nilifurahi mno. Nikamwambia mama nadhani tumempata, mama akaniletea soda.

Saa tisa na robo kesho yake simu ikalia. Mwanangu, imechemka tena.

Yaani niliishiwa pozi. Nikarudi na bunduki ya kupimia joto, ile unayoelekeza inakupa namba bila kugusa. Mlinzi alikuwa na ile ya getini waliyokuwa wanatupimia wakati wa korona, akanipa kwa moyo safi kabisa, ukiielekeza kwenye tenki inaandika Hi, mana ile ya binadamu ikipita digrii arobaini na kitu inakata tamaa. Hapana, ya kazi ni ile ya viwandani inayopanda mpaka mia tatu huko.

Siku ya kwanza kabla sijasafisha rejeta nilikuta tenki limefika digrii 101 alamu inalia. Baada ya kusafisha ikawa inagota 90. Kwa hiyo chapati ile ilikuwa na mchango wake, nimeshusha digrii 11, lakini 90 bado siyo afya. Mimi napenda kuona tenki liko kati ya 50 na 70, ikifika 82 hivi sili za mpira zinaanza kuumia na oili inaanza kuungua taratibu, na kila ukiongeza digrii 10 oili inazeeka kama mara mbili ya haraka. Ukinusa oili yake ilikuwa na harufu ya kuungua na rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye chupa tangu jana. Tukaimwaga, tukaweka mpya namba 46 kama kitabu cha mashine kinavyotaka, filta mpya, levo katikati ya kioo. Levo ndogo nayo inaleta joto, oili inazunguka haraka haipati muda wa kupumzika tenkini na inavuta hewa inatoa povu, ila hapa halikuwa tatizo.

Ili nimalizane na hii habari ya kuvuja kwa ndani nikafanya kipimo ambacho hakina gharama, nikachomoa paipu nyembamba inayorudisha oili inayovuja kutoka kwenye mota za matairi, moja moja, nikaelekeza kwenye ndoo iliyokaguliwa ni safi, tukaisukumia mashine kazi kidogo tukahesabu dakika moja kwa simu. Kushoto na kulia zikalingana kwa tofauti ya kikombe. Ingekuwa upande mmoja umekwisha ungeona ndoo moja inajaa mwenzake anachuruzika. Na tukiwa hapo, mikono ya mashine mtu aifunge kwa nondo zake za usalama kabla hajaingiza kichwa chini yake, na mvujo wa oili ya presha usiutafute kwa kupapasa na kidole, tumia kipande cha boksi. Ile oili inapita kwenye ngozi kama sindano, unaona katundu kadogo tu hakaumi sana alafu baadae mkono unavimba, hapo ni hospitali muda huohuo siyo kusubiri kesho. Nimeona mtu akikatwa kidole kwa hilo.

Basi. Rejeta safi, oili mpya, mota nzima, pampu inavuta. Na bado saa tisa inachemka. Mama akaanza kuniangalia kwa lile jicho. Akanambia mwanangu, yule kijana wa Gerezani anasema pampu ikilipiwa pesa iliyobaki leo inapanda basi usiku. Nikamwambia mama nipe siku moja tu, nami siku hiyo sitashika spana, nitakaa tu.

Na kweli nilikaa. Nikachukua kiti kwa mama ntilie wa pale getini, nikaagiza ugali na mlenda, nikakaa chini ya mwarobaini naangalia mashine kama mtu anayeangalia mpira. Toka saa moja mpaka saa sita na nusu mzee anapakia mashudu. Anaenda anarudi, anaenda anarudi, anageuka kwa upole, hazungushi mashine palepale juu ya zege. Kila nusu saa naenda kupima. 58. 61. 64. 64. Saa sita jua liko utosini, 66. Hapo jua na mzigo vyote vipo na haichemki! Kwa hiyo msiniambie ni jua.

Saa saba akaja opereta wa mchana, kijana mmoja mchangamfu, na kofia yake ameigeuza nyuma. Akatoa baketi, akaenda kufunga brashi. Brashi ile kubwa ya kuzunguka ya kufagilia uwanja, mana mama ana masharti, makapi yasilale kwenye zege usiku. Kumbe kila siku mchana mashine inafanya kazi nyingine kabisa na hakuna mtu aliyenitajia, na mimi sikuuliza. Niliuliza inachemka saa ngapi, sikuuliza saa hizo huwa inafanya nini. Hilo lilinikera mimi mwenyewe.

Sasa sikiliza. Akaunganisha paipu mbili za brashi kwenye mashine, kwenye zile kapla za kuchomeka haraka. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikagoma. Akaangalia huku na huku, akachukua nyundo iliyokuwa kwenye kasha la zana, tii, tii, tii, ikaingia. Akaona namwangalia akacheka, akasema fundi hii mpaka uipe adabu.

Brashi ikawashwa. Injini ikabadilika sauti. Siyo sana, ila ukiwa umeisikiliza tangu asubuhi unajua, ikawa inaguma kama mtu aliyebeba gunia, wakati kufagia makapi ni kazi nyepesi kuliko kunyanyua mashudu. Nusu saa, 73. Saa nzima, 81. Saa moja na nusu, 87.

Nikamwomba aache mashine inazunguka brashi imesimama hewani, nikaanza kupita na bunduki kwenye njia nzima ya oili, toka inapotoka kwenye mashine, kwenda kwenye mota ya brashi, kurudi. Hapa kuna ujanja ambao ulinigharimu siku za nyuma: chuma kinachong'aa kinaidanganya hii bunduki, inasoma joto la kitu kingine kinachojiakisi pale, utaambiwa kapla ina digrii 45 na ukiigusa inakubabua. Unazungushia kipande cha selotepu nyeusi ya umeme kila unapotaka kupima, unasubiri kidogo, unapima juu ya selotepu. Nikazungushia sehemu nane. Paipu ya kurudi, kabla ya kapla, 88. Baada ya kapla, upande wa mashine, 93.

Digrii tano, ndani ya kitu kirefu kama kidole changu.

Oili ikipita kwenye njia pana haibadiliki joto. Ikilazimishwa kupenya kwenye tundu dogo bila kufanya kazi yoyote, haizungushi mota, hainyanyui kitu, ile presha yote inayopotea pale inageuka moto. Ni kama digrii 6 kwa kila bar 100, bar ndio kipimo cha presha. Kwa hiyo digrii tano zangu zilikuwa zinaniambia kwamba pale kwenye kapla zinapotea bar themanini na kitu. Sikutaka kuamini bunduki peke yake, nikafunga kiungo cha tii na geji ya presha kwenye paipu ya kurudi kabla ya kapla. Bar 85. Pale panatakiwa kuwe na bar chache tu, kumi hivi, oili inarudi nyumbani haina kazi tena. Piga hesabu, bar mara lita kwa dakika gawa kwa 600 unapata kilowati: oili pale inapita lita 70 kwa dakika, kwa hiyo 85 mara 70 gawa 600, karibu kilowati 10. Yaani ni sawa na kuchukua majiko ya umeme ya koili sita saba ukayatumbukiza kwenye tenki la lita 40 ukayawasha mchana kutwa, alafu unashangaa kwa nini inachemka.

Tukachomoa kapla. Ile sura yake bapa iliyotakiwa kuwa laini kama kioo ilikuwa na mabonde ya nyundo, na kale kavali ka ndani kanakosukumwa nyuma kufungua njia kamepinda, kanafunguka nusu kanakwama. Nusu nyingine ya njia imefungwa muda wote.

Nikamuuliza kijana, taratibu, siyo kwa ukali, kaka hii nyundo ilianza lini. Akasema tangu mwezi wa nane. Kwa nini ilikuwa haiingii? Akasema ilikuwa inaingia, ila brashi ikishinda juani ndio inagoma. Mnaona? Wanaichomoa brashi jioni bila kutoa presha kwenye paipu, kesho yake brashi inashinda nje juani, brashi nyeusi, paipu nyeusi, jua la Dodoma la mwezi wa kumi, oili iliyofungiwa ndani inapata moto inataka kutanuka haina pa kwenda, inasukuma kile kivali kutokea ndani kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa mtu utakaokisukuma kirudi. Ndio nyundo ikaingia kazini. Nyundo ikaharibu kapla, kapla ikabana njia, njia ikaleta moto, moto ukaungana na chapati ya kwenye rejeta, alamu ikalia, na mwisho wa yote mama akaambiwa pampu.

Na kulikuwa na dalili ambayo mtu yeyote angeiona kama angeuliza, mimi nikiwemo. Mota ya brashi ilikuwa inavuja kwenye shafti, sili imebadilishwa mara mbili tangu mwezi wa nane, walidhani ni sili feki. Sili ya shafti kwenye mota ndogo kama ile inakaa upande wa oili inayorudi, imetengenezwa kuvumilia presha ndogo, wewe unaipa bar 85 kwa nini isitapike. Siku hizi nikiona kiambatanisho chochote kinavuja shafti, brashi, breka ya mawe, ogaa ya kuchimbia mashimo ya nguzo, kabla sijabadilisha sili natafuta kwanza kitu gani kinazuia oili isirudi. Inaweza kuwa kapla, inaweza kuwa mtu kafunga paipu nyembamba kuliko ya zamani, inaweza kuwa paipu yenyewe imeachana tabaka kwa ndani, kwa nje unaiona nzima kabisa.

Kapla mpya ya saizi ileile, dume na jike, nilipata mjini kwa bei ambayo nikiitaja mama atalia tena akikumbuka advansi ya Gerezani, basi tuseme ilikuwa ndogo kuliko nauli na posho ya kijana aliyeenda Dar. Nikabadilisha zote mbili pamoja, ukiweka jike jipya na dume lenye mabonde unaharibu jipya. Geji ikasoma bar 9. Injini ikatulia sauti yake. Tukafagia masaa mawili na nusu mfululizo, jua kali, tenki likapanda mpaka 68 likagoma hapo. Kijana anageuka vibaya juu ya zege, anazungusha mashine palepale matairi yanalia kama mbuzi, na hilo nalo linaleta joto kwenye mota za matairi, nikamwambia, akasema sawa fundi, akaendelea vilevile. Akawa ameongeza digrii mbili tatu. Hizo nimemwachia.

Kutoa presha nimewafundisha wote wawili. Shusha brashi chini, zima injini, rudisha swichi iwe on bila kuwasha, bonyeza kile kitufe cha oili ya nje huku na huku mara kadhaa mpaka usikie imepumua, alafu ndio chomoa. Mashine zingine zina namna yake, kuna zenye kitufe maalumu kwenye bloku ya kapla unasukuma kapla ndani kwanza, somo lipo kwenye stika mlangoni ila stika ya hii ilishabanduka zamani. Kama brashi imekaa juani na imegoma, iburuze kivulini ipoe nusu saa, au mtu alegeze nati ya paipu upande wa mota taratibu, kitambaa juu yake, uso pembeni. Na kapla unaifuta na kitambaa safi kabla ya kuchomeka, mchanga mmoja tu unatosha kuikwaruza.

Mama alisikiliza yote amekunja mikono. Nikamwonyesha ile kapla ya zamani, akaigeuzageuza mkononi, akauliza kwa hiyo haka ndio kalikuwa kananilia milioni nane na nusu? Nikamwambia ndio mama. Akapiga simu Gerezani palepale, spika wazi, wakavutana sana kuhusu advansi, walikubali kurudisha milioni moja na nusu, laki tano ikaenda na maji.

Saivi brashi inalala chini ya ule mwarobaini, wamemwaga zege kidogo pale. Nyundo mama kaifungia ofisini kwake, ukiitaka unaandika jina kwenye daftari na unasema unaenda kugonga nini.